Ufunguo Uko Wapi? Niliyoyapitia na Trei ya Dharura Katika Hospitali Ndogo ya Kisumu

Wakaguzi wa afya wakisikika wameingia mtaani, hospitali ndogo hutuma kijana dukani haraka akanunue dawa zilizopungua. Hata kwetu mambo yalikuwa hivyo. Mimi ni muuguzi msimamizi katika hospitali binafsi ya vitanda vichache upande wa Mamboleo, Kisumu. Nilikuwepo tulipoipandisha kutoka kliniki ya kutibu mtu na kumrudisha nyumbani hadi kituo kinacholaza wagonjwa na kuzalisha akina mama. Kazi ya trei ya dharura, yaani dawa zinazokaa tayari kwa mgonjwa anayezidiwa ghafla, iliniangukia mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Namwandikia yule itakayemwangukia mwaka huu.

Kuna jambo moja ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Kanuni zinataka dawa hizi zilindwe: zisiibwe, zisitumiwe vibaya, na kila ampuli, kichupa cha dawa ya sindano, ijulikane ilikokwenda. Kanuni hizo hizo zinataka dawa imfikie mgonjwa kabla hajakata roho. Ukishika sharti la kwanza peke yake, utaweka kufuli. Ukishika la pili peke yake, utaacha droo wazi, na baada ya muda mfupi diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, itakuwa imeota miguu. Karibu kila kosa nililoliona, kwetu na kwa majirani, lilitokana na mtu kushika sharti moja na kuliacha lingine.

Kwanza sheria, kwa ufupi, maana hapa watu huchanganya sana. Leseni ya kituo chenyewe hutoka kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo wengi tunaliita KMPDC. Dawa, chumba cha dawa na mtu anayekisimamia viko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, yaani PPB, kwa mujibu wa Sura ya 244 ya sheria za Kenya. Morfini, pethidini na jamaa zake, dawa kali za maumivu, zina sheria yake ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya. Leseni za kila mwaka huisha tarehe 31 Desemba, kwa hiyo usingoje Krismasi ndipo uanze kutafuta karatasi. Halafu kuna Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), kinachosema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017, ambayo kifungu chake cha 7 kinatishia faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa kituo kinachoacha kutoa huduma hiyo ilhali kina uwezo.

Mwenye hospitali yetu ni mzee wa heshima, tabibu mstaafu anayejua kazi yake, lakini kila senti anaihesabu mara mbili. Nilipomsomea kifungu hicho alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa Sista, tusipokuwa na dawa, si ina maana hatuna uwezo? Faini itatupata wapi?" Nilicheka, lakini swali lake halikuwa la kijinga. Jibu ni kwamba anayeomba leseni ya kuzalisha anaombea pia yale yanayoweza kutokea chumba cha kujifungulia. Huwezi kuandika kwenye fomu kwamba unapokea wazazi, halafu mama akianza kuvuja damu useme damu si idara yako.

Alikuwa pia na mazoea ambayo wengi wetu tunayo, ya kudhani dharura ni kazi ya Russia. Kwa msomaji asiye wa Kisumu: Russia ni jina la mtaani la Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Ni kweli tunapeleka wagonjwa huko. Lakini kati ya mgonjwa kuanguka na gari kufika kuna muda, na muda huo ni wako wewe na trei yako. Hata sheria yenyewe inahesabu kumtuliza mgonjwa na kumpangia rufaa kuwa sehemu ya matibabu ya dharura.

Tulipoanza, toroli ya dharura ilikuwepo. Nyekundu, magurudumu manne, bei yake sitaki kuikumbuka, imesimama koridoni kila mgeni aione. Ndani ya droo zake nilikuta glavu, kitabu cha risiti, chaja ya simu na dripu moja ya nomo salaini, yaani maji ya chumvi. Dawa zenyewe zilikuwa ndani ya kabati la chumba cha dawa, chini ya kufuli. Sababu ilikuwepo: kabla sijapewa kazi hii diazepamu ilikuwa imepotea, na mzee akaamua kila kitu kifungwe. Zilikuwa kama vikombe vya wageni, vinavyokaa kabatini miaka na mikaka na mwenye ufunguo ni mama mwenye nyumba tu. Kwetu mwenye ufunguo alikuwa mtaalamu wa dawa, na yeye alikuwa akitoka jioni.

Yaliyotokea baadaye yangeweza kutabirika. Usiku mmoja aliletwa mama mjamzito kutoka upande wa Kajulu, amebebwa kwenye boda akiwa katikati, mama mkwe wake nyuma akimshika. Alikuwa amelalamika kichwa tangu mchana. Alipofika mlangoni alianza kutetemeka mwili mzima, kifafa cha mimba waziwazi. Muuguzi wa zamu, binti mchapakazi asiye na miaka mingi kazini, alijua anachohitaji ni magnesiamu salfeti. Alijua pia iko kabatini. Ufunguo ulikuwa Ahero. Mtaalamu wa dawa alikuwa amepanda matatu nao mfukoni, na simu yake ilikuwa imezimika chaji.

Alivunja kufuli kwa nyundo ya mlinzi. Dawa aliipata, lakini mabomba makubwa ya sindano yalikuwa kwingine na maji ya kuchanganyia kwingine, na hesabu ya kipimo ilibidi aifanye kichwani huku mama mkwe akilia kwa Kijaluo pembeni. Namshukuru Mungu, na namshukuru binti huyo, kwamba dozi ya kwanza iliingia na gari likaondoka. Mama alijifungua Jaramogi na wote wawili wakarudi nyumbani.

Asubuhi nilimkuta analia chumba cha kubadilishia nguo. Nilidhani ni hofu ya usiku inamtoka. Kumbe alikuwa amekabidhiwa barua ya kujieleza kwa nini aliharibu mali ya hospitali. Kufuli! Nilikaa na mzee ofisini siku hiyo na sikumsemesha kwa upole nilioandika hapa. Barua iliondolewa. Muhimu zaidi, ndiyo siku aliyokubali kwamba mpango mzima ulihitaji kupangwa upya, na akanipa ruhusa ya kuupanga.

Kitu kilichotuokoa kilikuwa cha bei ndogo sana: sili za plastiki zenye namba. Ni vile vikanda vyembamba ambavyo ukivuta kwa nguvu hukatika, na kikikatika hakiungiki tena. Kila kimoja kina namba yake. Unafunga boksi la dharura kwa sili, unaandika namba kwenye daftari, basi. Usiku wa manane hakuna wa kuombwa ufunguo, mkono mmoja unatosha kuivuta. Lakini mtu akichomoa ampuli kwa shughuli zake, sili itamsema. Wakati wa kupokezana zamu, anayeingia anasoma namba na kuilinganisha na iliyoandikwa, anatia sahihi. Kazi hiyo haichukui hata dakika. Awali tulikuwa na orodha ndefu ya kuhesabu kila ampuli kila asubuhi na jioni, na nakuambia bila aibu kwamba watu walikuwa wanatia alama za vema bila kufungua droo. Orodha ndefu huzaa uongo.

Nje ya boksi tunabandika kadi inayoonyesha kilichomo, idadi yake, na tarehe ya dawa itakayotangulia kuisha muda. Ile tarehe ya karibu zaidi huandikwa kwa kalamu nyekundu. Boksi likifunguliwa kwa dharura, chumba cha dawa hulijaza ndani ya zamu hiyo hiyo na kulifunga kwa sili mpya. Na mara moja kwa mwezi tunalifungua hata kama halijaguswa, kwa sababu sili haijui kama ampuli imepasuka au betri ya laringoskopu, kifaa cha kuangalia koo, imekufa. Ukinunua sili, weka zile ambazo hazijatumika chini ya kufuli. Mwenye bunda la sili mfukoni anaweza kufungua na kufunga atakavyo.

Jambo la pili tulilobadilisha ni mpangilio. Zamani dawa zilipangwa kwa herufi, A hadi Z, kama rafu ya duka. Adrenalini ilikaa karibu na aminofilini na atropini, ampuli ndogo zinazofanana, maandishi madogo, na taa ya koridoni haina nguvu. Tuligawa vitu kwa dharura badala ya herufi. Boksi moja la kutokwa damu baada ya kujifungua, moja la kifafa cha mimba, moja la mzio mkali, na moja la mtoto anayetetemeka. Kila boksi lina dawa, mabomba, sindano, kanula (mrija mdogo wa mshipani), plasta, na karatasi ya maelekezo iliyopigwa laminesheni.

Boksi la kifafa cha mimba ndilo nililolihangaikia zaidi. Magnesiamu tunayopata sana ni ya asilimia 50. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4 katika mchanganyiko wa asilimia 20, kwa hiyo unavuta mililita 8 za dawa, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 na kuziingiza polepole. Kisha gramu 10 za msulini, 5 kila tako, pamoja na mililita 1 ya lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 kila upande. Hesabu hiyo yote iko kwenye karatasi, pamoja na mabomba ya kutosha yaliyohesabiwa. Na ndani ya boksi hilo hilo lazima kuwe na kalsiamu glukoneti, gramu 1, ambayo ndiyo dawa ya kumwokoa mama magnesiamu ikimzidi na pumzi kuanza kushuka. Nimekagua vituo vya rafiki zangu nikakuta magnesiamu tele na kalsiamu hakuna. Karatasi inakumbusha pia kwamba kabla ya kuendelea na dozi nyingine unahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, unapima kama goti bado linaruka ukiligonga, na unatazama mkojo.

Kwa mzio mkali, maelekezo ni mafupi makusudi: adrenalini ya 1:1000, mtu mzima mililita 0.5, msuli wa paja upande wa nje, rudia baada ya dakika 5 ikiwa hali haijabadilika. Nililazimika kuandika "PAJA" kwa herufi kubwa kwa sababu mazoea ya wengi yalikuwa kukimbilia haidrokotisoni kwanza na kuiona adrenalini kama dawa ya kuogopwa.

Boksi la mtoto lina diazepamu, dekstrozi (maji ya sukari), na mashine ya kupima sukari. Huku kwetu malaria kali haijaondoka, na mtoto anayetetemeka huenda ana sukari iliyoshuka, si homa tu. Dekstrozi ya asilimia 50 haipewi mtoto hivyo hivyo. Unachukua sehemu 1 yake na sehemu 4 za maji ya sindano, unapata ya asilimia 10, kisha mililita 5 kwa kila kilo ya uzito. Angalia pia vijiti vya mashine ya sukari: vikishafunguliwa vina muda wake mfupi, na havisomwi na mtu kwenye ukaguzi wa tarehe kwa sababu si dawa.

Kulikuwa na dawa moja ambayo kazi yetu ilikuwa kuiondoa kwenye toroli. Potasiamu kloraidi iliyokolea ilikuwa ndani ya toroli pamoja na nyingine, ampuli inayofanana sana na ya maji ya sindano. Ikiingia mshipani bila kuchanganywa inasimamisha moyo. Sasa inakaa chumba cha dawa peke yake, imebandikwa onyo, na haitoki bila kuandikiwa.

Kuhusu kutokwa damu kuna utafiti ulionisaidia kumshawishi mzee. Unaitwa E-MOTIVE, matokeo yake yalitoka mwaka 2023, na ulifanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Kilichofanyika ni kupima damu mapema kwa mfuko maalum na kutoa matibabu yote kwa mkupuo mmoja badala ya kujaribu moja moja. Matatizo makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Hakukuwa na dawa mpya hata moja. Sehemu ya mpango huo ilikuwa kuwa na toroli au mfuko ulio tayari na kila kitu ndani. Mzee aliposikia "hakuna dawa mpya" aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Tatizo la oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi ili damu ikome, ni joto. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na Kisumu mchana nyuzi 30 zinapitwa kirahisi, sembuse chini ya mabati. Ikikaa torolini wiki kadhaa inabaki maji yenye lebo nzuri. Muuguzi anachoma, tumbo la uzazi halikazi, na kila mtu anashangaa. Kwa hiyo boksi la kutokwa damu lina kadi yenye maneno "OKSITOSINI IKO FRIJI", na friji iko hatua chache kutoka kitandani. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, gramu 1, haina shida hiyo ya friji, nayo inakaa ndani ya boksi. Ila ina saa yake, inafaa kutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Tuna pia kabetosini isiyoharibiwa na joto, lakini hiyo ni ya kuzuia damu isitoke, si ya kutibu ikishatoka, na ilibidi nirudie jambo hilo kwenye vikao hadi nikaonekana mkorofi.

Friji yenyewe ilikuwa na soda, mtindi na samaki wa mtu aliyefungwa kwenye gazeti. Kila ufunguapo friji ya dawa kutafuta soda unaingiza joto la Kisumu ndani. Tuliweka kipimajoto, tunakisoma asubuhi na jioni na kuandika, na stima ikipotea tunaandika saa ilipopotea na iliporudi. Samaki alipata pa kwenda.

Dawa za kulevya nazo zina taratibu zake, na hapa sitaki mtu alegeze kwa kisingizio cha dharura. Morfini na pethidini zinakaa kabati ndani ya kabati, kufuli mbili, na rejista ya kurasa zenye namba ambayo hakuna anayechana wala kufuta kwa kifutio. Watu wawili wanatia sahihi: anayetoa na anayeshuhudia. Nusu ya ampuli ikibaki, inamwagwa mbele ya shahidi na inaandikwa. Ufunguo hauondoki kwenye jengo. Unakabidhiwa kwa mkono, kutoka msimamizi wa zamu hadi msimamizi wa zamu, baada ya kuhesabu pamoja, na kukabidhiana huko kunaandikwa. Yule rafiki yetu wa Ahero aliambiwa, kwa utani na kwa ukali, kwamba akitoka nao tena nauli ya kuurudisha ni juu yake.

Diazepamu ilituletea mjadala. Ni dawa ya kudhibitiwa, lakini mtoto anayetetemeka hawezi kusubiri sahihi mbili. Tulikubaliana kuweka ampuli chache sana ndani ya boksi la mtoto, chini ya sili, zikihesabiwa kwenye rejista kama kawaida, na akiba yote ibaki kabatini. Ikitumika, maelezo yanaandikwa kabla ya zamu kuisha. Vivyo hivyo agizo la mdomo: tabibu anasema dawa na kipimo, muuguzi anarudia kwa sauti, ndipo anachoma. Sahihi inafuata mambo yakitulia. Haya yote yako kwenye mwongozo wa ndani uliotiwa sahihi na mzee, kwa sababu muuguzi akiwa na karatasi hiyo hahitaji kuogopa barua.

Kabla ya ukaguzi nilipekua kila droo ya jengo. Nilipata sanduku la sindano za malaria zenye chapa ya GOK, dawa za serikali zisizouzwa, zililetwa na mfanyakazi wa muda aliyekuwa akisaidia pia kwingine. Alisema alitaka kutusaidia. Huenda ni kweli. Lakini dawa hizo zikikutwa kwenye hospitali binafsi, hakuna mkaguzi atakayesikiliza habari ya moyo mwema. Tulizirudisha kwa mfamasia wa kaunti ndogo na barua, tukabaki na nakala.

Na yule muuzaji ambaye ofisi yake ni begi, mwenye bei nzuri kuliko wote, tulimwambia asirudi. Dawa ya dharura ndiyo rahisi kughushi bila kugundulika, kwa kuwa hutumika kwa nadra na mgonjwa akifa kila mtu anasema ugonjwa ulikuwa mkali. Nunua kwa muuzaji wa jumla aliye na leseni ya PPB, dai ankara yenye namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda, na ukatae pale pale mlangoni dawa yenye miezi michache iliyobaki. Ukiishatia sahihi ya kupokea, mara nyingi harudishiwi mtu kitu. Ukishuku ubora wa dawa, PPB wana fomu ya rangi ya waridi ya kuripoti. Ya njano ni ya madhara kwa mgonjwa. Zote mbili tunazo mezani, na tumeshazitumia.

Wakaguzi walipofika, hawakuniuliza mimi kitu kikubwa. Mama mmoja kati yao alipita moja kwa moja hadi kwa muuguzi aliyekuwa ametoka zamu ya usiku na alikuwa anachukua mkoba wake aende. "Sista, nisamehe, najua umechoka. Mgonjwa amevimba midomo na hapumui vizuri. Nionyeshe." Akatazama saa. Binti alikwenda kwenye boksi, akavuta sili, akamwekea adrenalini mkononi na kumwonyesha paja. Mkaguzi akageuza ampuli, akasoma namba ya bechi, akaomba ankara yake. Ilikuwepo. Ndipo akafungua daftari la sili na kuanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akitafuta siku zilizorukwa. Alizipata, za wikendi. Aliziandika.

Hatukufaulu kila kitu. Walitupa orodha ya marekebisho na muda wa kuyafanya: karatasi za dozi za watoto wachanga, daftari la wikendi, taa ya koridoni, na dawa zilizoisha muda ambazo tulikuwa tumezificha kwenye katoni chini ya ngazi. Hizo za mwisho zilituchelewesha kuliko zote. Dawa mbovu hazitupwi chooni wala kuchomwa nyuma ya jiko. Zinatengwa, zinaandikwa orodha, unaomba idhini ya PPB, na zinateketezwa kwenye tanuri lililoidhinishwa, nawe unapewa cheti. Gharama ni yako, na hulipii dawa tu, unalipia na usafiri. Ushauri wangu, usiache katoni ijae. Wale waliokuja kwetu walikuwa na haki ya kuuliza kama kilicho chini ya ngazi hakitapanda siku moja hadi kwenye trei.

Kama huna imani na wakaguzi, nakuelewa, maana zamani kila bodi ilikuwa inakuja kivyake na maswali yake. Siku hizi kuna orodha ya pamoja, ile iliyofanyiwa majaribio Kakamega, Kilifi na Meru, kwa hospitali za umma na za binafsi sawasawa. Itafute, uijaze mwenyewe kwa ukweli kabla hawajaja. Sisi tulijipa alama za chini kuliko walizotupa wao.

Mzee bado analalamikia dawa zinazoisha muda bila kutumika. Tumefika mahali pa kuelewana: ampuli ikibakiza miezi 6 inatoka kwenye boksi na kwenda panapotumika haraka, na tuna mapatano ya maandishi na hospitali kubwa zaidi, ambayo hutupokelea zile tusizoweza kuzimaliza na kutupa za tarehe ndefu. Usafiri ni wetu. Zinazobaki kuharibika tumeziwekea fungu kwenye bajeti, na limeandikwa hivyo, "dawa za dharura zilizoisha muda," ili mhasibu asiliulize kila mwezi.

Kinachonisumbua sasa ni oksijeni. Nayo ni dawa, iko kwenye orodha ya dawa muhimu, na mkaguzi aliitazama kama dawa: geji inasoma ngapi, barakoa za watoto ziko wapi, spana ya kufungulia mtungi iko wapi. Spana tumeifunga kwa mnyororo kwenye mtungi wenyewe. Mtungi wa akiba hatujamaliza kuulipia, kwa hiyo tunatumia wa kukodi, na risiti ya kodi iko kwenye faili ya ukaguzi.